Mkono wa Mashine Ukigoma: Kutafuta Hitilafu Unapojaza Risasi za Bastola Nyumbani

Jumamosi moja ya Januari, baridi ya Ohio ikiwa imejaa gerejini hadi pumzi zinaonekana, nilikuwa najaza upya maganda ya bastola yaliyokwisha kupigwa, na nilikuwa nimeshapita risasi ya mia moja. Nikasukuma mkono wa mashine urudi juu, na pale ambapo huwa nahisi fataki ikizama kwenye kitako cha ganda, sikuhisi kitu. Mkono ulikuwa mwepesi tu. Redio inaimba, mimi nikaendelea. Maganda sita baadaye nikaona chembe za baruti zimetapakaa juu ya sahani kama pilipili manga iliyomwagika.

Hitilafu moja ilikuwa imeshazaa nyingine. Ganda lilikosa fataki, baruti ikavuja kupitia tundu la chini, chembe zikajipenyeza chini ya sahani, sahani ikainuka upande mmoja, na fataki zote zilizofuata zikakaa juujuu. Kwa kuwa sikujua uharibifu ulianzia wapi hasa, usiku ule nilibomoa risasi 43, moja moja.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja. Kwanza najiuliza mkono umeniambia nini. Pili naliangalia ganda. Mashine naigusa mwisho kabisa. Wengi tunafanya kinyume: kitu kikikwama tu, spana imeshashikwa, dai zinageuzwa, na baada ya nusu saa una matatizo mawili ambapo mwanzo ulikuwa na moja.

Maneno kwanza, maana Kiswahili kinatubana hapa. "Risasi" ni ile metali nzito, ni kile kipande kinachoruka, na ni kitu kizima unachokiingiza kwenye bastola. Humu risasi ni kile kitu kizima. Kipande kinachoruka nakiita kichwa, na shaba nyeupe inayobeba vyote ni ganda. Fataki ni kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachopigwa na pini ya bastola na kuiwasha baruti. Ni neno la zamani, la wakati wa magobore, ingawa najua Mtanzania akilisikia atamkumbuka yule mzee wa kwenye matangazo ya redio aliyekuwa akiwafukuzia wanafunzi. Dai ni vile vibomba vyenye nyuzi vinavyofungwa juu ya mashine. Sahani ni kile chuma cha duara kinachoshika maganda na kuyazungusha kituo hadi kituo, kila kituo na kazi yake.

Jambo la pili ni sheria. Ninayoandika ni ya Marekani, ambako serikali kuu haidai leseni kwa mtu anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Ukitaka kuziuza ndipo leseni ya utengenezaji inahitajika. Lakini ndugu zangu mliopo kwa viza ya masomo au ya matembezi, fahamuni kwamba sheria hiyohiyo ya serikali kuu inawazuia kumiliki silaha na hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kibali cha uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hayumo kwenye katazo hilo. Majimbo nayo yana yake: Illinois, kwa mfano, inadai kadi maalumu hata kwa kumiliki risasi tu. Nyumbani Afrika Mashariki usijaribu kabisa. Mimi nimekulia Morogoro, mji wa Shirika la Mzinga, na Wakenya wana kiwanda chao Eldoret. Huko kutengeneza risasi ni kazi ya serikali, na mashine hii ikikutwa sebuleni kwako utaielezea mahakamani.

Na viwango vya baruti sivitaji hata kimoja. Hivyo vinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti uliyonayo mkononi, toleo la sasa, basi.

Mkono mzito unaposhuka

Kwenye mashine nyingi ukivuta mkono chini, maganda yanapanda kuingia kwenye dai. Dai ya kwanza inalibana ganda lirudi kwenye kipimo chake na pini inasukuma nje fataki iliyokwisha kupigwa. Uzito wa kawaida wa kazi hii utauzoea kwa maganda hamsini ya mwanzo. Ukibadilika, simama.

Ukiwa umepanda polepole, kila ganda zito kidogo kuliko la jana, sababu ni mafuta au uchafu. Tunaambiwa dai zenye pete ya kabaidi hazihitaji mafuta kwa maganda ya bastola, na ni kweli kwamba zitafanya kazi bila mafuta. Lakini ganda la 9 mm limechongoka kidogo kuelekea mdomoni, halijanyooka kama la .38 Special (namba hizi ni majina ya saizi za risasi), kwa hiyo linasugua zaidi. Mpulizo mdogo wa lanolini, yaani mafuta ya sufu, iliyoyeyushwa kwenye spiriti, maganda yakitikiswa ndani ya boksi na kuachwa yakauke, hupunguza nguvu unayotumia kuvuta mkono. Tofauti utaihisi begani kabla hujaiona popote.

Ukiwa umegonga ghafla, kitu kigumu, usishindane nao. Rudisha, toa ganda, tazama ndani kwa tochi. Nimekuta ganda la .22 limejificha ndani ya la 9 mm, na la 9 mm ndani ya .40, kama masufuria yaliyopangwa kabatini. Nimekuta kokoto ya uwanjani. Na nimekuta matundu mawili madogo chini badala ya moja kubwa la katikati: huo ni mfumo wa Berdan, na pini yako ya kusukumia imeshapinda au imevunjika. Maganda hayo hayajazwi kwa mashine hizi. Mengi ya chuma ni ya namna hiyo, kwa hiyo pitisha sumaku juu ya rundo lako kabla ya kuanza. Pini yenyewe ni bei ya chai na chapati. Nunua tano uziweke kwenye droo.

Kuna ganda moja ambalo mkono hautakuambia chochote, nalo ni lile lenye ngazi ndani. Ukilimulika utaona ukuta wake ni mnene nusu ya chini, kisha unakatika ghafla kama kidato na kuwa mwembamba. Pale kwenye kidato ndipo linapokatikia, na nusu ya juu inaweza kubaki kwenye chemba ya bastola. Tupa. Haijalishi linang'aa vipi.

Ganda likitoka na mistari ya kukwaruzwa kuanzia juu hadi chini, kuna mchanga au kipande cha metali kimeng'ang'ania ndani ya dai. Fungua, safisha kwa kitambaa chenye kiyeyushi. Mistari ikiwa palepale baada ya kusafisha, pete ya kabaidi imepasuka. Kabaidi ni ngumu lakini haivumilii kugongwa, ndiyo maana dai hii haifungwi hadi iguse sahani kwa kishindo. Unaacha upenyo wa unene wa kadi.

Mkono unaporudi juu: fataki

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote, na nadhani kila mtu angefanya hivyo angekuwa anabomoa risasi chache. Fataki ikizama vizuri, kiganja kinahisi kitu kama kusukuma kizibo cha mpira: upinzani mdogo ulio sawasawa, halafu mwisho ulio wazi. Chochote tofauti na hicho ni habari.

Kutohisi kitu maana yake fataki haipo. Mara nyingi imekwama kwenye mrija wake. Hapo kuna kosa moja ambalo halisameheki: kuchokoa mrija kwa waya au bisibisi. Fataki zilizopangana kwenye mrija zikilipuka huwa hailipuki moja. Zinaambukizana, na mrija unageuka bomba la bunduki lililoelekea dari au uso wako. Vua miwani ya kusomea, vaa ya kinga, ondoa baruti juu ya mashine kwanza, kisha tumia kijiti cha mbao au plastiki, taratibu. Mrija uliopinda au wenye uchafu wa nta ndani hautengenezeki, badilisha.

Kuhisi ugumu mapema, kabla ya mwisho, maana yake mlango wa tundu la fataki ni mdogo. Ganda la jeshi lina ukingo uliobanwa kuizunguka fataki ya mwanzo isichomoke. Ukiona alama ya msalaba ndani ya duara kitakoni, hiyo ni alama ya NATO, na ukingo huo utakusumbua hadi uukwangue au uusukume kwa kifaa chake. Kwa wanaojaza .45 ACP kuna mtego mwingine: maganda ya aina hiyo huja na matundu ya fataki ya saizi mbili, dogo la takribani milimita 4.45 na kubwa la 5.33. Yakichanganyika, fataki kubwa itapondwa mlangoni mwa tundu dogo. Yapange kwa macho, mchana, kabla hujawasha mashine.

Fataki iliyoingia ubavu au imegeuka kichwa chini inatokana na sahani isiyokaa sawa na kisukumio cha chini, au kisukumio kilicholika. Legeza sahani, lenga upya, kaza. Ganda lenyewe mimi sihangaiki nalo. Silisukumi fataki mbichi itoke kwa nguvu, ganda moja halina thamani hiyo. Linakwenda kwenye kopo, na kopo linakwenda uwanjani kwenye pipa la risasi mbovu.

Iliyobaki ni fataki iliyoingia lakini haijafika chini. Hii ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu uwanjani inajifanya kosa la bastola: pigo la kwanza kimya, pigo la pili inalia. Pini ilitumia nguvu yake ya kwanza kumalizia kazi uliyoiacha wewe. Kwenye bastola ya duara ni mbaya zaidi, silinda inakataa kuzunguka kwa sababu fataki inakwaruza ukuta wa nyuma. Kabla ya kubadilisha springi ya bastola yako, simamisha risasi zako juu ya kioo. Yenye fataki iliyochomoza itayumba kama stuli ya miguu minne kwenye sakafu mbovu. Kwa kidole pia utajua: fataki inatakiwa iwe imezama kidogo sana chini ya usawa wa kitako, sehemu ya kumi ya milimita hivi. Sababu, kwa mpangilio ninaozikuta: mkono haukusukumwa hadi mwisho, boliti ya katikati ya sahani imelegea, chembe za baruti ziko chini ya sahani, na mwisho, masizi yaliyoganda kwenye tundu la fataki.

Baruti haitulii

Umepima mara tano na mizani imekupa majibu matano. Kabla hujakilaumu kipimo cha baruti, kile kifaa kinachomwaga baruti kwenye ganda, ichunguze mizani. Za umeme zinayumba kwa vitu vya ajabu: feni ya hita, simu iliyo jirani, betri inayokaribia kuisha, taa za mirija, na baridi. Yangu niliyoitoa ndani ya nyumba na kuipeleka gerejini ilitembea kwa dakika ishirini kabla ya kutulia, na mimi dakika zote hizo nilikuwa nazungusha skrubu ya kipimo nikiifukuza. Weka jiwe la kupimia juu yake kabla, katikati na mwisho wa kazi. Baruti tunaipima kwa greni, na greni moja ni gramu 0.0648, kitu ambacho pumzi yako inaweza kukisukuma.

Mizani ikiwa nzima, pima mikupuo kumi kwa pamoja ugawe kwa kumi. Wastani ukiwa sawa lakini mmoja mmoja ukirukaruka, tatizo ni mtiririko. Baruti ya vipande bapa hupenda kujenga daraja kwenye koo la kipimo: mkupuo mmoja unatoka pungufu, daraja linavunjika, unaofuata unatoka umezidi. Umeme tuli wa plastiki mpya ni mshirika wake mkubwa. Osha plastiki kwa sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kufuta. Usiache baruti ishuke chini ya theluthi ya chombo, maana uzito wa juu ndio unaosukuma wa chini. Na baada ya kujaza chombo, toa mikupuo kumi hivi uirudishe. Inahitaji kushindiliwa na mtikisiko wa mashine kabla ya kutulia.

Sasa mtikisiko wenyewe. Meza ikicheza, baruti inacheza. Nilikaa miezi nikilaani kipimo, kumbe meza yangu ya mbao laini ilikuwa ikinesa kila nikivuta. Mabano mawili ya chuma hadi ukutani yakamaliza. Kuvuta nako: mkono usipofika mwisho wa safari yake, upau wa baruti haufunguki wote, na kikombe hakimwagi chote.

Hayo yote ni ya sehemu za kumi za greni. Makosa makubwa ni mawili tu, ganda tupu na ganda lililojazwa mara mbili, na yote mawili huzaliwa dakika ileile: ulipokwama. Kitu kimegoma kituo cha nne, umerudisha mkono nusu, umechomoa ganda, umevuta tena. Je, lile la kituo cha pili limepokea baruti mara ngapi? Hujui. Hata mimi sijui. Kwa hiyo kila nikikwama naondoa maganda yote kwenye sahani, yote, namwaga baruti yake pembeni na kuanza upya kituo cha kwanza. Inauma kwa sekunde thelathini.

Kwenye mashine ambayo sahani yake inazungushwa kwa kidole, hatari ni kubwa zaidi kuliko inayojizungusha, kwa sababu unaweza kuvuta mara mbili bila kuzungusha. Baruti nyingi za bastola ni za kasi na hazifiki nusu ya ganda, kwa hiyo dozi mbili zinaingia bila kufurika na kichwa kinakaa juu yake vizuri kabisa, kinapendeza. Ndiyo maana kati ya baruti ambazo kitabu kinaziruhusu mimi huchagua ile inayojaza nafasi. Mara mbili yake humwagika mezani na kukuumbua. Na nimefunga taa ndogo ya kubandika juu ya kituo cha kichwa. Siweki kichwa kabla jicho halijafika chini ya ganda.

Ganda tupu utalijua uwanjani kwa sauti: badala ya mlio, "pu", kama chupa ya soda. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa kikanase katikati ya mtutu. Hapo vidole vina tabia ya kukoki na kufyatua tena vyenyewe. Vizuie. Mdomo wa bastola ubaki kwenye shabaha, subiri nusu dakika, toa magazini, fungua chemba, kisha pitisha fimbo kwenye mtutu uone kama inapita. Risasi nyingine nyuma ya kichwa kilichonasa hupasua bastola.

Kichwa kinainama, urefu unacheza

Ukiona uzi mwembamba wa metali umejikunja kando ya mdomo wa ganda, kichwa kinanyolewa kinapoingia. Mdomo haujapanuliwa vya kutosha. Upanue kidogokidogo mpaka kichwa kisimame chenyewe juu ya ganda bila kushikiliwa, na uishie hapo. Ukizidisha, mdomo unachoka na kupasuka baada ya kujazwa mara chache, au unakamatwa na ukingo wa dai na kujikunja kama kofia ya karatasi.

Urefu unaopungua polepole, risasi ya kwanza sawa, ya hamsini fupi, ya mia fupi zaidi, ni wa wanaotumia vichwa vya metali ya risasi vilivyopakwa nta. Nta inajijenga ndani ya kisukumio cha dai, kisukumio kinakuwa kirefu, kichwa kinazamishwa zaidi. Si suala la sura tu: nafasi ndani ya ganda ikipungua, shinikizo linapanda. Fungua, chokoa kwa kijiti, futa. Urefu unaoruka huku na huku bila mwelekeo ni sahani tena. Sahani yenye ganda moja inakaa tofauti na sahani iliyojaa, kwa sababu dai zinaisukuma pande zote. Kwa hiyo rekebisha urefu vituo vyote vikiwa na maganda. Kwa 9 mm mwisho wa kitabu ni milimita 29.69, lakini chemba ya bastola yako inaweza kudai fupi ya hapo kulingana na umbo la kichwa.

Halafu bonyeza pua ya risasi iliyokamilika kwenye ukingo wa meza kwa kidole gumba, kwa nguvu, ukiwa umepima kabla. Ikirudi ndani, ganda halikishiki kichwa. Mtu atakuambia bana mdomo zaidi. Usimsikilize. Shaba ya ganda hujirudi kidogo baada ya kubanwa, kichwa hakijirudi, kwa hiyo ukizidisha kubana unaacha kichwa chembamba ndani ya ganda pana. Mshiko unatoka kwenye dai ya kwanza na kwenye kipanulio kisichozidi. Ganda jembamba lililochoka halina dawa.

Imekamilika lakini haiingii

Toa mtutu kwenye bastola, uelekeze chini, dondosha risasi kwenye chemba. Unataka kusikia "toki" safi, na ukigeuza mtutu risasi idondoke yenyewe. Isipofanya hivyo, usikisie. Chukua kalamu ya wino mzito, ipake risasi nyeusi yote kuanzia pua hadi kitako, iache ikauke, idondoshe tena, izungushe kwa kidole mara mbili, itoe uisome.

Wino umefutika mdomoni mwa ganda: ule upana ulioufungua kwa ajili ya kichwa haukufungwa vizuri, ongeza kidogo dai ya mwisho. Kwa 9 mm mdomo uishie kati ya milimita 9.60 na 9.65. Usiubane hadi ujikunje ndani, kwa sababu 9 mm inakaa kwenye chemba kwa kuegemea mdomo wake. Ukiuondoa mdomo, risasi inazama kupita mahali pake. Kwa .38 na .357 ni kinyume, zile zinaegemea ukingo wa kitako, na mdomo unakunjwa kuingia kwenye mfereji wa kichwa ili mateke ya risasi za mwanzo yasichomoe vichwa vya zilizobaki.

Wino umefutika kwenye kichwa, juu ya ganda: kichwa kimegusa mwanzo wa mifereji ya mtutu, risasi ni ndefu. Umefutika tumboni, upande mmoja tu: kichwa kiliingia kimepinda, rudi kwenye kupanua mdomo. Umefutika karibu na kitako, pete nzima: dai ya kwanza haishuki vya kutosha, au ganda limetoka kwenye bastola yenye chemba pana na limevimba chini. La mwisho hili ndilo linaloleta ugomvi kati ya marafiki wanaookota maganda uwanja mmoja, kila mmoja akiisingizia bastola ya mwenzake.

Sahani inaruka

Ikizunguka kwa kishindo na kurusha chembe za baruti nje, springi ya kigololi ni kali au boliti ya katikati imelegea. Ikisita katikati ya vituo, kuna baruti chini yake. Ivue, pangusa, grisi kidogo mahali pa kigololi, kaza hadi izunguke bila kucheza juu-chini, na funga ile skrubu ndogo ya pembeni inayozuia boliti isilegee. Wengi tunaisahau.

Zile mbovu

Risasi yenye shaka inabomolewa kwa nyundo ya plastiki yenye kishikio ndani: unaigonga kwenye gogo mara mbili tatu, kichwa na baruti vinadondoka ndani ya nyundo yenyewe. Miwani usoni. Vichwa na maganda vinarudi kazini. Baruti yake mimi huimwaga kwenye nyasi, nyembamba, kwa sababu siwezi kuapa kwamba ni safi. Kwenye kopo la zilizokataa naandika tarehe na dalili, na dalili moja ikizidi nyingine najua ni kituo gani cha kufungua.

Osha mikono kwa sabuni na maji baridi kabla hujashika mtoto au kikombe. Masizi ya fataki yana risasi ya kweli ndani yake, ile metali. Na baruti irudi kwenye chupa yake yenye jina usiku huohuo, chupa moja tu ikiwa mezani. Ukiikuta Jumamosi ijayo imelala kwenye kipimo na huna uhakika ni ipi, hiyo si baruti tena, ipeleke kwenye nyasi na wenzake.